Tusizibe mawe ya Mji wa Kale kwa saruji

Mhariri,

Mimi ni fundi wa nyumba za mawe hapa Mji wa Kale, Mombasa, kazi niliyorithi kwa marehemu baba. Aprili iliyopita binti yangu, anayesoma Cáceres, Uhispania, alinipeleka Alcántara, kijiji cha mpakani na Ureno, nikalione daraja la Warumi. Jina hilo ni la Kiarabu, al-qantara. Bibi yangu naye daraja aliliita kantara, basi nilifika pale kama niliyeitwa kwa lugha ya nyumbani.

Daraja lilijengwa zama za Kaisari Trajan, mwaka 104 hadi 106. Lina matao sita na urefu unaopita mita 180, juu ya mto Tajo, ule ule unaoingia baharini Lisbon, walikotoka Wareno walioijenga Fort Jesus, ngome yetu hapa Mombasa. Mawe yake ya matale (graniti) yalipangwa bila chokaa. Nililaza mkono mzima juu ya jiwe moja, jiwe likaupita.

Lakini kilichonishika ni makovu yake. Mwaka 1214 tao moja lilibomolewa vitani, 1760 jingine, 1809 likalipuliwa tena. Kila mara watu walirudi wakalitengeneza. Kingo za mto nazo ni hifadhi: tumbusi walikuwa wakizunguka juu ya majabali, na chini korongo mweusi amesimama majini, kimya.

Sisi je? Mwezi uliopita niliitwa kwenye nyumba iliyopigwa lipu ya saruji miaka michache tu nyuma. Nilipoigonga kwa nyundo ilibanduka kama gamba, na jiwe la matumbawe nyuma yake limekuwa unga. Jiwe letu linapumua. Chokaa huacha unyevu na chumvi vitoke, saruji huvifungia ndani mpaka jiwe liliwe. Juu, boriti zilikuwa zimeoza. Na boriti ni mikoko. Tukiimaliza kule Mkondo wa Tudor, mkono wa bahari hapa Mombasa, dari hizi tutazitengeneza kwa nini?

Nawasihi wenye nyumba: fundi akija na mfuko wa saruji, mrudisheni. Na kijana yeyote anayetaka kujifunza kuzima chokaa, yaani kuitia maji kabla ya kujengea, na aje, nitamfundisha bila malipo, Jumamosi asubuhi.

Fundi wa nyumba za mawe,
Mji wa Kale, Mombasa