Sauti ya Mtu Katika Mji Unaomjua

Ujiji, Kigoma

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sote tu wazima, na mama yako nilikutana naye sokoni akiwa na afya njema. Katika barua yako uliniuliza, kwa mshangao ambao hukujaribu kuuficha, ni nini kilichonivuta nijifunze usimulizi wa sauti na kisha, kati ya mada zote zilizopo, nikachagua zile ambazo watu huzitaja kwa kunong'ona: mauaji, uchawi, watoto waliotendwa mabaya ndani ya nyumba zao, na asili ya utumwa ya baadhi ya koo zetu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu nina ombi ambalo halitaeleweka bila maelezo haya.

Jambo lenyewe si geni kama unavyodhani. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, na dereva wa lori aitwaye Mkwaju akaingiza majumbani habari za ukimwi na uzazi wa mpango, mambo ambayo mtu asingeweza kuyazungumza mbele ya mkwewe. Watafiti walitaka kupima athari zake, kwa hiyo kituo cha Dodoma hakikuurusha hadi mwaka 1995, ili waliousikia walinganishwe na wasiousikia. Ninachokipenda ni kwamba Mkwaju hakuwapo duniani. Watu walimcheka na kumlaani wapendavyo, na hakuna mama mzazi aliyeumia kwa hilo. Podikasti ninazozisoma sasa, yaani simulizi za sauti zinazosikilizwa mtandaoni, zinahusu watu waliopo, au waliokuwapo na wakaacha ndugu.

Kazi tuliyoanza nayo darasani ni Serial, simulizi ya Marekani ya mwaka 2014 iliyochunguza mauaji ya Hae Min Lee, mwanafunzi wa sekondari aliyeuawa huko Baltimore mwaka 1999, na kifungo cha maisha alichopewa Adnan Syed, aliyewahi kuwa mpenzi wake. Ustadi wake ni mkubwa: msimulizi anayatilia shaka mawazo yake mwenyewe mbele yetu, na kila sehemu inakatika pale ambapo huwezi kuacha kusikiliza. Hata hivyo nilipomaliza nilikuwa nimemjua mfungwa, nimemjua shahidi, nimewajua mawakili, na msichana mwenyewe sikumjua. Familia yake haikushiriki. Hukumu ilipofutwa mwaka 2022, mahakama ya rufaa ya Maryland iliirudisha mwaka uliofuata kwa sababu kaka wa marehemu hakupewa taarifa ya kutosha ili ahudhurie. Syed yu huru leo, kwani mwaka 2025 jaji alipunguza adhabu yake hadi muda aliokwisha kuutumikia, ingawa hatia imebaki. Darasani jambo la yule kaka lilipita kama habari ya kisheria tu. Mimi ndilo lililonikaa, kwa sababu hata mahakamani aliyefiwa alikuwa wa mwisho kuambiwa.

S-Town, podikasti nyingine ya Marekani ya mwaka 2017, ilinisumbua zaidi. John B. McLemore wa Alabama alijiua mwaka 2015, na simulizi hiyo ikatoa mambo ya faragha yake, likiwamo jambo alilolisema kwa sharti la siri. Msimamizi wa mirathi yake akawashtaki watengenezaji, na pande hizo zikapatana mwaka 2020. Sisemi kwamba kazi za namna hii hazina faida. Podikasti ya In the Dark ilichunguza kwa undani kesi ya Curtis Flowers, aliyeshtakiwa mara sita kwa mauaji yaleyale huko Mississippi, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoitengua hukumu yake mwaka 2019, watu wengi duniani walikuwa tayari wanaelewa jinsi mwendesha mashtaka alivyowaondoa wazee wa baraza Weusi, yaani raia wanaoamua kama mtu ana hatia. Lakini faida hiyo haimpi mtu ruhusa ya kuingia kila nyumba.

Sasa rudi nami Ujiji. Wageni hupelekwa kwenye makumbusho kuona mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, wakaonyeshwa miembe ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na mpaka hapo kila mtu huzungumza. Uliza ni nani hapa mtaani ambaye bibi yake aliletwa kutoka ng'ambo ya ziwa akiwa amefungwa, nawe utaletewa chai na mazungumzo yatahamia kwenye bei ya dagaa. Wala si mambo ya kale sana: Wajerumani waliamua kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922 chini ya Waingereza, kwa hiyo mzee wa miaka tisini leo anaweza kuwa alilelewa na mtu aliyewahi kuuzwa. Unajua mwenyewe neno moja linavyotosha kuvunja posa.

Nimempata bibi mmoja aliyekubali kusimulia. Watu hudhani kwamba sauti ni salama kwa kuwa haina sura, na labda ni kweli katika miji mikubwa. Hapa kwetu sura ndiyo iliyo rahisi kufichwa. Namna mtu anavyokohoa, anavyoivuta “basi” yake, anavyocheka kabla hajamaliza sentensi, watu wa mtaa wataitambua hata ikiwa imepita kwenye memori kadi kumi. Nilijaribu kuishusha sauti yake kwa programu, akawa anasikika kama jambazi anayehojiwa kwenye taarifa ya habari, yeye ambaye ndiye aliyedhulumiwa. Kumtumia msomaji mwingine nako kuna mtego, kwani akiwa na lafudhi ya Dar es Salaam kila mtu wa huku atasikia uongo. (Muziki wa huzuni sikuujaribu kabisa, naona ni kumwambia msikilizaji alie wapi.)

Mwishowe niliamua kusimulia mimi, kwa sauti yangu inayojulikana, na kumwachia bibi vipande vichache ambavyo havitaji ukoo, safari wala nyumba. Kabla ya mtu mwingine yeyote kusikia, nilimvalisha hedifoni asikilize yeye, na kila aliponyanyua mkono nilisimamisha na kukata. Alikata sehemu ambayo walimu wangu wangeisifu kuliko zote. Imekatika.

Ombi langu ni hili. Wewe ulikulia hapa, ukaondoka kabla hatujamaliza sekondari, na masikio yako bado yanaujua mji huu. Mtu wetu anayesafiri kwa treni atakuletea memori kadi yenye simulizi nzima. Sikuituma kwa WhatsApp kwa sababu unazozijua. Isikilize peke yako, kisha uniandikie kama umemtambua bibi huyo au hukumtambua. Jina usiliandike. Ukimtambua, nitaviondoa hata vile vipande vyake vichache na kubaki na sauti yangu tu, nami nimekwisha kumwahidi hivyo. Jibu lako naomba linifikie kabla ya Ramadhani, maana bibi ananiuliza kila ninapopita kwake.

Nisalimie watoto na shemeji.

Ni mimi rafiki yako,
wa Ujiji