Mwenye VVU akiishiwa pumzi na TB haionekani, moyo upimwe

Ndugu Mhariri,

Mtu anayeishi na VVU akianza kuishiwa pumzi, wengi hufikiria kifua kikuu au nimonia. Ni sawa kuanzia hapo, maana magonjwa hayo huua haraka na yana tiba. Tatizo ni pale makohozi yanapotoka safi, picha ya kifua haionyeshi kitu, na mgonjwa akaongezewa antibiotiki, kisha dawa ya pumu, kisha akaambiwa ana wasiwasi tu. Tunaomba wagonjwa na matabibu wanaosoma gazeti lako, wakifika hapo, wakumbuke presha ya mapafu, yaani shinikizo lililopanda katika mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni hadi mapafuni.

Presha hii haipimwi mkononi. Kwa mtu mzima mwenye afya, wastani wa shinikizo katika ateri ya mapafu ni milimita 14 hivi za zebaki, ilhali katika ateri kubwa za mwili ni kama 90. Wastani huo wa mapafu ukivuka 20, tayari si salama. Ndiyo maana mtu hupimwa mkononi akakutwa na 110 kwa 70, akasifiwa kwamba presha yake ni nzuri, huku upande wa kulia wa moyo wake ukielemewa. Upande huo una ukuta mwembamba usiozoea kusukuma kwa nguvu. Kwanza ukuta hunenepa, kisha chumba chake hutanuka, mwishowe hushindwa kazi.

VVU vinahusikaje? Uhusiano huu uliripotiwa kwanza mwaka 1987. Kwa kadiri inavyojulikana, virusi havilazimiki kuingia katika seli za mshipa ndipo viuharibu. Protini zake zinatosha. Gp120, iliyo kwenye ganda la nje la kirusi, huua seli za utando wa ndani wa mshipa na kuzichochea zimwage endothelini, kemikali inayobana mshipa na kukuza misuli yake. Tat na Nef, protini nyingine za kirusi, nazo huchangia, na Nef imekutwa ndani ya mishipa ya mapafu iliyoharibika. Wakati huohuo, nitriki oksaidi na prostasaiklini, ambazo kazi yake ni kuulegeza mshipa, hupungua. Kinga ya mwili nayo haitulii, hivyo seli za ukuta huendelea kuongezeka ovyo na njia ya damu hufinyika, mahali pengine hadi kuziba kabisa.

Kwa sababu hiyo ugonjwa huu hutokea katika hatua yoyote ya maambukizi, hata CD4, seli za kinga ambazo VVU hushambulia, zikiwa juu na virusi vikiwa havionekani kwenye kipimo. Tunalisisitiza hili kwa kuwa huko ndiko wengi hukosewa: kwamba anayemeza ARV vizuri hawezi kuwa nao. Hata hivyo ARV hazikwepeki, kwani wenye CD4 zaidi ya 200 huishi muda mrefu zaidi na ugonjwa huu kuliko wenye kinga iliyoporomoka.

Si ugonjwa wa kila mtu. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2008, uliothibitisha kwa kuingiza mrija moyoni, uliukuta kwa watu 5 hivi kati ya 1,000 wenye VVU. Kwa hiyo hatushauri kumpima kila asiye na dalili. Apimwe anayehema akipanda ngazi ambazo zamani hazikumsumbua, anayezimia au kuona kizunguzungu akijikaza, anayevimba miguu au tumbo. Shaka iongezeke kama ana homa ya ini aina ya C, au amewahi kutumia kokeini, methamfetamini au dawa za kulevya za kujidunga.

Kipimo cha kuanzia ni eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Kasi ya damu inayorudi nyuma kupitia vali ya trikaspidi, iliyo upande wa kulia wa moyo, ikizidi mita 2.8 kwa sekunde, kuna shaka, ikizidi 3.4, uwezekano wa ugonjwa ni mkubwa. Mpimaji asiishie kwenye namba hiyo. Wakati mwingine damu hairudi vya kutosha kupimika, hivyo ukubwa wa chumba cha kulia utazamwe pia. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikitoka ya kawaida haiondoi shaka ya ugonjwa. Halafu chanzo kitafutwe, maana makovu ya TB ya zamani, udhaifu wa upande wa kushoto wa moyo na damu iliyoganda mapafuni navyo hupandisha presha hii, na kila kimoja kina tiba yake. Uthibitisho wa mwisho ni mrija unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni.

Kwenye dawa ndiko kwenye hatari tunayoihofia zaidi. Sildenafili, ambayo pia huuzwa kama dawa ya nguvu za kiume, hulegeza mishipa ya mapafu, kwa kawaida miligramu 20 mara tatu kwa siku. Lakini ritonaviri na kobisistati, zinazotiwa katika baadhi ya ARV kuongeza nguvu, huzuia ini kuivunja. Sildenafili hujazana mwilini na presha ya mwili huanguka. Kwa ugonjwa huu, sildenafili isichanganywe nazo. Bosentani, dawa nyingine ya ugonjwa huu inayozuia kazi ya endothelini, nayo hupanda mwilini ikikutana na ritonaviri: anayeitumia akitaka kuanza ritonaviri, aisimamishe angalau saa 36 kabla, kisha airudie baada ya siku 10 au zaidi kwa miligramu 62.5 kila siku au siku moja baada ya nyingine. Ini lipimwe kila mwezi. Bosentani pia hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke anahitaji kinga nyingine ya uhakika. Dawa za presha za jamii ya nifedipini hazifai hapa. Hushusha presha ya mwili bila kuisaidia ya mapafu.

Mgonjwa asiache ARV kwa hofu ya mgongano huu. Aende na dawa zake zote kliniki, pamoja na zile za nguvu za kiume alizonunua dukani, na kama zinagongana, daktari ndiye abadilishe mpangilio.

Wahudumu wa kliniki ya VVU na moyo