Barua kwa baba mkubwa: mguu mzima kupanda, mgonjwa kushuka

Shikamoo baba mkubwa.

Jumapili tatu mfululizo nimepiga simu, na mara zote tatu kapokea mama mkubwa. Anasema umelala. Saa kumi jioni, baba mkubwa, wewe uliyekuwa ukituamsha saa kumi na moja alfajiri tukimbie hadi Mkuyuni na kurudi Igogo kabla ya uji! Ndiyo maana nimeamua kukuandikia hadharani. Najua mjukuu wako atakusomea, na najua wako watu wengi Mwanza, Sengerema na Ukerewe uliowashika miguu wakiwa wachanga. Wasome nao.

Mama mkubwa kaniambia ukweli. Baada ya kiharusi cha mwezi wa nane ulifanya mazoezi wiki sita, kisha ukaacha. Unashinda kwenye kile kiti cha plastiki, mkono wa kushoto umeulaza mapajani kama mzigo wa mtu atakayerudi kuuchukua. Alipokuhimiza ukamjibu: "Nimekimbia vya kutosha."

Maneno hayo yameninyima usingizi, kwa sababu najua ulivyokimbia.

Ulikuwa na miaka 22 mwaka 1974. Habari za Februari ile umetusimulia mpaka tukawa tunaziigiza uani: Filbert Bayi yuko Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, anachomoka mbele tangu mlio wa bastola katika mita 1500 na hashikwi mpaka mwisho. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, John Walker nyuma yake. Ulikuwa ukicheka ukituambia kwamba baada ya hapo kila kijana wa Mwanza alikwenda uwanja wa Nyamagana kukimbia kwa kuongoza, na kila mmoja akakata pumzi kabla ya mzunguko wa tatu. Wewe ulikuwa mtu wa mita 5000. Ulijua kusubiri. Ukashinda mkoa, ukaitwa kambini mara moja, ukarudi bila jezi ya taifa, ukaendelea kufanya mazoezi vilevile.

Halafu kisigino. Ulikuwa unashuka mlima wa Bugando, ukahisi mtu amekupiga teke kwa nyuma, ukageuka umwone ni nani. Hapakuwa na mtu. Kano ilikuwa imekatika. Miezi na hogo, na lilipotolewa, ulituambia, mguu ulikuwa mwembamba kama wa kuku. Aliyekufundisha kushika ukuta na kuinua kisigino kidogo kidogo ndiye aliyekuonyesha kazi ya maisha yako. Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, alipoleta medali ya fedha ya mita 5000 kutoka Moscow mwaka 1980, wewe ulikuwa umeshakwenda Moshi, hospitali ya KCMC, kusomea fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi. Ukarudi na cheti na mchumba. Mchumba ndiye huyu anayepokea simu zangu.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Linahusu Mei 1996.

MV Bukoba ilizama Jumanne tarehe 21, asubuhi, ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Baba yangu, mdogo wako, alikuwa ndani. Nilikuwa na miaka tisa. Miili ikapelekwa Nyamagana ili ndugu waitambue, uwanja uleule uliokimbilia ujana wako, na wewe ukapita safu kwa safu siku mbili. Siku ya tatu ulirudi jioni viatu umevishika mkononi. Hukusema umempata. Ulikaa kizingitini ukaniweka katikati ya magoti yako, ukanishika vifundo vya miguu, na mikono yako ilikuwa ya baridi.

Asubuhi baada ya mazishi ukaniamsha saa kumi na moja kama kawaida. Nililia njia nzima mpaka Mkuyuni. Wewe ulipunguza mwendo, ukakaa nusu hatua nyuma yangu, na kila nilipopunguza na wewe ukapunguza. Hukunipita hata mara moja. Tangu siku hiyo nimekuwa mtoto wako, wa sita katika vyumba viwili, na sijawahi kusikia ukisema "wa marehemu mdogo wangu" unaponitambulisha kwa watu.

Nikikua nikawa nakuletea chakula kazini siku za likizo. Naiona Alhamisi ya wale watoto wa miguu kifundo, nyayo zimegeukia ndani tangu kuzaliwa. Akina mama wameshuka kwenye kivuko cha Kamanga na meli ya Ukerewe, wengine tangu jana yake. Unamlaza mtoto, unampa mama amnyonyeshe ili atulie, unaunyoosha unyayo taratibu sana, kisha unazungusha plasta gumu kutoka vidoleni hadi juu ya goti. Wiki ijayo unatoa, unanyoosha kidogo zaidi, unafunga tena. Wiki tano, sita. Baada ya hapo viatu vyenye chuma katikati, kila usiku mpaka afike miaka minne. Hapo ndipo ulipokuwa mkali. Mama akisema mtoto ameshatembea, viatu vya nini tena, ulimwambia: "Mguu una kumbukumbu, mama. Ukiacha, unarudi ulikotoka." Jioni ulikula ugali na sato ukiwa na weupe wa plasta chini ya kucha.

Na wagonjwa wa kiharusi je? Ulitufundisha hata sisi watoto, kwa sababu majirani walikuwa wanakufuata mpaka nyumbani. Usimvute kwa mkono uliolegea, bega litachomoka. Akitaka kusimama, arudishe nyayo nyuma, ainame mpaka pua ivuke vidole vya miguu, ndipo ainuke. Fimbo ishikwe mkono mzima. Na kwenye ngazi, maana Igogo yote ni mawe na ngazi, tuliimba pamoja nao: mguu mzima kupanda, mgonjwa kushuka. Yule mzee fundi cherehani alifanya hivyo miezi minane. Siku aliyokuja mwenyewe kukuletea suruali aliyoishona, uliingia chumbani ukakaa muda mrefu.

Wakati ule hukuwahi kumkubalia mtu aliyesema ametosheka. Ulisema mwili uliopigwa kiharusi unajifunza upya kwa kurudia, na wanaokata tamaa wengi hukata wiki chache kabla ya kuona matunda. Wiki sita, baba mkubwa. Hogo la mtoto linachukua wiki sita, na baada yake kuna miaka minne ya viatu.

Sikulaumu. Najua inavyouma mtu wa mazoezi kushindwa kufunga kifungo cha shati. Najua unaona aibu mama mkubwa akikukatia nyama. Lakini sisi sita tulilelewa na mikono ambayo haikuona aibu kushika mguu wa mtu yeyote, na tunaomba zamu yetu.

Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa ulinipigia simu wewe mwenyewe, ukasema kilomita 3 zile utazivuka kwa miguu uje kuniona huku Sengerema, baada ya miaka yote ile ya kupanga foleni ya kivuko. Ahadi ile naidai bado. Hatutaanza nayo.

Jumamosi hii nitavuka kwa basi la kwanza, saa tatu nitakuwa mlangoni. Mama mkubwa ameshazitoa raba zako za bluu na kubadilisha kamba. Nyumbani kuna ngazi tisa mpaka barabarani, nimezihesabu tangu utoto. Nitasimama upande wako wa kushoto, na mkono sitauvuta.