Busu Lile Lile, Umri Ule Ule: Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Uainishaji wa Filamu na Vipindi

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salaam. Nakuandikia kuhusu ile namba ndogo inayokaa pembeni mwa skrini tamthilia inapoanza: 13, 16, 18. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa sekondari, na namba hiyo huwa naiangalia kabla sijakaa. Sina ugomvi na bodi kuwepo. Watoto wapo, na si kila kinachorushwa kinawafaa.

Ugomvi wangu ni huu. Tamthilia ya vijana ikiwa na mvulana na msichana walioshikana mikono, inapita na 13 bila maneno mengi. Wakiwa wavulana wawili, au wasichana wawili, mikono ile ile inapandishwa hadi 16, pengine 18, na sababu inayotajwa ni "maudhui ya watu wazima". Huo utu uzima uko wapi, Mheshimiwa?

Tuchukue Heartstopper, iliyotoka Netflix mwaka 2022 kutokana na vibonzo vya Alice Oseman. Charlie na Nick ni wanafunzi wa sekondari huko Uingereza. Mmoja anacheza raga, mwingine anapiga ngoma. Mapenzi yao kwa sehemu kubwa ni kuandikiana ujumbe, kuufuta, kuuandika upya. Vidole vinapokaribiana, vimchoro vinaruka kwenye skrini. Anayetafuta uchafu humo atakesha bure.

Kuna mahali Nick anakaa peke yake na kompyuta, anauliza mtandaoni kama yeye ni mtu wa kupenda wavulana. Rudi nyuma hadi 2016, kwenye msimu wa tatu wa Skam, tamthilia ya Norwei iliyorushwa na shirika la utangazaji la umma la huko, NRK. Isak naye anafungua jaribio la mtandaoni la aina hiyo hiyo. Waandishi wawili, nchi mbili, wamefika chumba kimoja: kijana, mlango umefungwa, anaiuliza mashine jambo ambalo hana mtu mzima wa kumuuliza. Nikiwa mzazi, hapo ndipo niliponasa, kuliko kwenye busu lolote.

Sasa fikiria namba yenu inafanya kazi gani. Mtoto wa miaka 14 akiambiwa tamthilia hii si ya umri wake, haachi kujiuliza. Kinachozuiwa ni ile nafasi ya kukaa naye sebuleni tukaiangalia pamoja, akaniuliza au akanyamaza huku akijua kwamba na mimi nimeona. Yeye anarudi chumbani kwake kwenye kompyuta, na humo hakuna bodi.

Na angeona nini, angeruhusiwa? Angemwona Isak akimwambia rafiki yake Jonas kwamba kuna mtu anayempenda, na mtu huyo si msichana. Jonas, kebabu mkononi, anauliza: ni mimi? Hapana. Basi mazungumzo yanaendelea kama ya vijana wowote. Hakuna anayelia, hakuna muziki wa kutisha. Angemwona pia Nick akimweleza mama yake, na mama anamwomba radhi kama aliwahi kumfanya aone kwamba jambo hilo haliwezi kusemwa nyumbani. Kuna wazazi wangelipa pesa wafundishwe kujibu namna hiyo.

Najua bodi si ya kwanza kuteleza. Msimu wa kwanza wa Dawson's Creek, mwaka 1998, ulikuwa na mvulana wa miaka 15 mwenye uhusiano na mwalimu wake wa kike, mtu mzima kabisa, na ulirushwa kwenye televisheni ya Marekani. Lakini Jack, mvulana wa tamthilia hiyo hiyo, alisubiri hadi Mei 2000 ndipo akambusu mvulana mwenzake, na Greg Berlanti, aliyekuwa akiiongoza tamthilia, ameeleza kwamba ilibidi atishie kuacha kazi. Mwalimu na mwanafunzi: ruhusa. Vijana wawili wa rika moja: vita. Mwenye kusema kwamba rula hiyo ilikuwa inapima usalama wa watoto anifafanulie.

Rula ya namna hiyo ikiachiwa haiishii kwenye busu. Mwaka 2021 Hungaria ilipitisha sheria ya kuzuia wenye umri chini ya miaka 18 kuonyeshwa mapenzi ya jinsia moja, na kituo cha RTL cha huko kikaonya kwamba hata filamu za Harry Potter huenda zikasukumwa hadi usiku sana. Harry Potter!

Nisieleweke vibaya. Zipo tamthilia za "wanafunzi" zinazochezwa na watu wazima waliovuliwa nguo kila baada ya dakika kumi, na hizo zipewe 18 na zibaki huko, awe ni nani na nani. Msilegeze. Nataka ukali ule ule uende pande zote mbili.

Hofu kwamba watoto wataiga mapenzi ya jinsia moja nimeisikia, nami sitaibeza, maana ni ya wazazi wenzangu. Ila kwa miaka mingi vijana wanaopenda wa jinsia yao walikua wakiangalia mapenzi ya mvulana na msichana tu, kila jioni, na hawakuyaiga. Walichokipata zaidi kwenye skrini kuhusu watu kama wao ni msiba. Tara wa tamthilia ya Buffy the Vampire Slayer aliuawa kwa risasi isiyomlenga mwaka 2002. Lexa wa The 100 akafa kwa risasi isiyomlenga mwaka 2016, muda mfupi baada ya kuwa na mpenzi wake wa kike. Miaka 14 kati yao, risasi ni ile ile. Mimi ningependa wangu aone pia wale wanaofanya mitihani, wanaogombana na kupatana, halafu wanapanda basi kurudi nyumbani.

Ombi langu ni la kiofisi. Mnapopitia mwongozo wa uainishaji, wekeni kwenye fomu ya mkaguzi swali moja: kama mmoja wa wapenzi hawa angekuwa wa jinsia nyingine, namba ingekuwa ngapi? Jibu likitofautiana, mkaguzi aandike sababu, ataje na dakika ya tukio lenyewe, na maandishi hayo yawekwe wazi kwa umma. "Maudhui ya watu wazima" isikubalike kama sababu. Uchi ni sababu. Matusi, damu, dawa za kulevya, hizo zote ni sababu na tunazielewa.

Nasubiri jibu la bodi kwa maandishi.

Wako mwaminifu,
Mzazi na mtazamaji