Rangi haitibu ukuta wenye maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye nyumba wenzangu wanaojiandaa kupaka rangi, kwa kuwa wengi wetu tunaanza na kopo la rangi ilhali tulipaswa kuanza na ukuta wenyewe.

Ukuta wa chumba changu cha kulala ulipakwa rangi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na mara zote mbili ulifanya malengelenge karibu na sakafu. Nilipobandua ganda moja kwa ukucha, nilikuta limelowa kwa ndani, na plasta iliyokuwa chini yake imetoa unga mweupe mithili ya chokaa. Unga huo ni chumvi inayobebwa na maji yanayopenya ukutani. Maji yakishakauka, chumvi hubaki na kuisukuma rangi ibanduke. Fundi wa kwanza alishauri tupige mkono wa tatu. Namshukuru sana wa pili, aliyekataa kushika brashi mpaka bomba lililokuwa likivuja nyuma ya ukuta lilipopatikana.

Huyo ndiye aliyenifundisha kipimo kisicho na gharama: bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zake zote kwa selotepu, kisha ukiache siku moja au mbili. Matone yakijitokeza upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakijitokeza upande wa chumba, huo ni mvuke wa hewa ya chumbani, na kinachohitajika ni madirisha yafunguliwe.

Plasta mpya nayo isiharakishwe. Ipewe takribani siku 28, kwa sababu saruji mbichi ina ukali kama wa magadi, unaoila hasa rangi ya mafuta.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni nyumba za zamani, ambazo rangi zake huenda zilichanganywa na madini ya risasi. Msasa mkavu huigeuza rangi hiyo kuwa vumbi, na vumbi hilo hudhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kama huna hakika na rangi ya zamani, ichukulie kuwa ina risasi: watoto na wajawazito wakae mbali, ukuta uloweshwe kabla ya kukwanguliwa, na sakafu ipigwe deki, isifagiliwe.

Wako,
Msomaji