Fedha za stebilaiza bado ninazo

Shangani, Mtwara
Jumapili, baada ya alasiri

Ndugu yangu Selemani,

Assalaam alaykum. Natumaini wewe, mama watoto na wote hapo Mtanda, Lindi, hamjambo. Sisi huku tu wazima, ila Bi Somoe mguu bado unamsumbua.

Nimechelewa kukujibu, nawe bila shaka umekwisha kuamini kwamba nimezila fedha ulizonitumia nikununulie stebilaiza, kile chombo cha kusawazisha volti. Sijazila. Ninazo kamili, na stebilaiza sijainunua kwa makusudi, hivyo nakuomba unisikilize kabla hujakasirika.

Unasema friza ya samaki huunguruma jioni bila kushika, na taa hufifia. Huo ni umeme mdogo, nakubali, lakini chanzo chake hukijui, na stebilaiza haitakuonyesha. Mimi mwenyewe mwaka jana niliinunua kwanza, nikauliza baadaye. Fundi Issa alipokuja aliiweka kando, akazima kila kitu, akapima kwenye soketi: volti 228, na umeme wetu unatakiwa kuwa 230. Kisha akaniambia niwashe birika la wati 2,000, na mita ikashuka hadi 192. Akapima tena pale umeme unapoingilia meinswichi, birika likiendelea kuchemka, akakuta upungufu ni ule ule, maana yake nyaya za ndani hazikuwa na kosa. Kwa jirani, wakati huo huo, ilisoma 227. Basi ubovu ulikuwa kati ya nguzo na nyumba yangu tu, na kweli mafundi wa laini walipopanda walikuta kiungo cha waya wa alumini pale upenuni kimeliwa na hewa ya chumvi.

Sasa fanya hesabu, wewe uliyekuwa ukinicheka darasani. Volti 36 zilizopotea, kwa mkondo wa ampea 7 na kitu, ni takriban wati 260 zilizokuwa zikigeuka joto kwenye kiungo kimoja, karibu na mbao za paa. Stebilaiza ingepandisha volti za ndani kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi katika waya ule ule, na kiungo kingezidi kuchemka. Plastiki yake ilikwisha kuanza kuyeyuka, Selemani. Ndiyo sababu fedha zako bado ninazo.

Kwako huenda mambo ni tofauti. Ikiwa meinswichi inasoma vizuri lakini soketi ya friza inashuka, tatizo limo ndani, nami naishuku sana ile ekstensheni nyembamba uliyoipitisha chini ya zulia. Ikiwa umeme ni mdogo hata vyote vikiwa vimezimwa, na majirani wanalalamika, basi ni laini au transfoma, na inafaa mkatoe taarifa pamoja. Na ukiona taa moja inafifia huku nyingine ikizidi kung'aa kuliko kawaida, zima meinswichi papo hapo uwaite mafundi wa laini, kwa kuwa huenda nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, imelegea au imekatika, na hapo volti zinaweza kupanda hadi kuunguza vyombo. Lakiri ya mita usiiguse, hata kama shemeji yako anajidai fundi.

Kwa sasa, friza ichomoe kila inaposhindwa kushika, kwani mota inayong'ang'ania kuanza huvuta mkondo mwingi mno na kuunguza koili zake. Samaki watie barafu.

Niambie basi: taa hufifia saa ngapi hasa, ni kuanzia saa moja hadi saa nne usiku tu, au hata asubuhi? Jirani yako wa upande wa msikitini analionaje? Je, ukiwasha pasi, taa zinashuka ghafla? Fundi Issa anapita Lindi wiki ijayo akielekea Nangurukuru. Je, nimpe sehemu ya fedha hizi kama ujira, au nikurudishie zote kwa simu? Na mita yangu ya kupimia uliyoiazima kabla ya msimu wa korosho, bado unayo?

Wako,
Athumani