Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka 2025

Wanachama wenzangu, Bwana asifiwe.

Hesabu za mwaka ziko kwa mwekahazina, kila mtu achukue nakala yake pale mlangoni. Mimi nitasema juu ya masoko yetu matatu ya kazi za mikono kwenye ua wa kanisa: la Pasaka, la Mavuno na la Krismasi. Naanza na la Pasaka kwa sababu ndilo lililotuumiza.

Pasaka iliangukia tarehe 20 Aprili. Mtu aliyekulia Mombasa hahitaji kuambiwa kwamba kaskazi ikishakatika, masika yako mlangoni. Sisi kamati tulipanga kana kwamba ni Desemba. Mvua ilishuka saa nne asubuhi. Mahema tuliyokwisha kuyatolea arubuni yalifika saa sita, mawili yamechanika. Nilimkuta mama mmoja wa mikeka amevua leso yake ya juu kufunikia mzigo, yeye mwenyewe analowa. Haikusaidia. Rangi ya ukindu ilichuja, zambarau ikaingia kwenye nyeupe. Mkeka ule alikuwa ameuanza tangu kuchana ukindu, kuuanika, kuuchemsha na rangi, kusuka mashupatu, ile mikanda mirefu ya ukindu, kisha kuyashona moja moja. Tulimrudishia kodi ya meza, lakini kodi ya meza si mkeka. Tarehe niliipitisha mimi, na nimemwomba radhi.

Kwa hiyo kamati inapendekeza soko la Pasaka lijalo liwe Jumamosi, 28 Machi 2026, mkesha wa Jumapili ya Matawi. Kuna waliosema Idi itakuwa imepita kama wiki moja tu, na jirani zetu Waislamu, ambao ni wateja wetu wazuri, mifuko yao itakuwa mitupu. Ni kweli. Hata hivyo, afadhali kuuza kidogo tukiwa wakavu.

Mavuno hayakuwa na tatizo. Mahamri na mbaazi za nazi zilikwisha kabla ya ibada ya pili. Mnada ni wa kanisa, si wetu, ila watu waliobaki kumcheka jogoo aliyenunuliwa na kurudishwa mnadani mara tatu ndio hao hao waliopita kwenye meza zetu wakitoka.

Siku hiyo hiyo fundi wetu kutoka Changamwe alikuja na gogo la mwarobaini na tezo, akakaa chini ya mti akichonga twiga. Watoto walimzunguka, wazazi wakafuata watoto, na kufikia alasiri meza yake ilikuwa tupu. Meza ya jirani yake, yenye twiga wazuri tu lakini mwenyewe yuko kwenye simu, ilirudi nyumbani na twiga wake. Ninaomba kila mwenye meza afanye kazi yake hapo hapo, awe anachonga, anasuka au anatunga shanga. Tutafahamu pia nani hajui kuchonga. Krismasi tuliona bidhaa za dukani zilizobanduliwa kibandiko cha bei zikiitwa kazi ya mkono. Sitataja mtu, anajijua, na mwaka huu hatapata meza.

Wachongaji, neno moja la mbao. Mpingo huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuchongeka, na muhugu nao umekatwa sana. Mwarobaini na mwembe tunayo hapa hapa mitaani, lakini ikaushwe polepole kivulini. Kuna bakuli la mwembe lililorudishwa kwangu siku ya Mavuno, limepasuka toka ukingo hadi kitako, kwa sababu lilichongwa bichi. Nimekuja nalo; mtalipitisha mkono kwa mkono.

Kodi ya meza haipandi. Majina yamfikie katibu kabla ya mwisho wa Februari. Mahema ya kukodi tumeachana nayo: tumenunua turubai zetu, ziko stoo ya kanisa, na ufunguo anao mlinzi.